Dada Anayemuuguza Mzazi Alipwe

Mzazi akipata kiharusi, kikao cha familia huwa kifupi. Huyu atatuma hela, yule atanunua dawa, na dada ambaye eti "hana kazi" atabaki na mgonjwa. Analipwa nini? Hakuna anayeuliza. Mimi nasema alipwe, kila mwezi, kwa makubaliano yaliyoandikwa.

Najua mtaniambia: mama yako mzazi, unamdai mshahara? Lakini mnaosema hivyo ndio mtakaomlipa mgeni bila kigugumizi siku dada akiondoka.

Na kazi yenyewe hamuijui. Sindano na kusafisha vidonda tuwaachie wauguzi. Mvishe tu shati mtu aliyepooza upande mmoja: unaanza na mkono usio na nguvu, ndipo ule mzima, wakati wa kuvua, kinyume chake. Kumtoa kitandani, unamgeuza ubavu, unashusha miguu, unamwacha akae kidogo kizunguzungu kipite, kisha ndipo asimame. Ukimvuta kwa mkono uliopooza utamuumiza bega. Bado kuoga, choo, kumlisha taratibu asipaliwe, na kuamka usiku kumgeuza asichubuke mgongo.

Uingereza ilianza kutoa posho kwa wanaouguza ndugu zao mwaka 1976, ila wanawake walioolewa wakanyimwa hadi 1986, kwa hoja kwamba wangekuwa nyumbani tu hata hivyo. Mnaisikia hoja ya kikao chetu? Ujerumani, kwenye bima ya utunzaji iliyoanza 1995, familia inaweza kuchagua fedha badala ya kuletewa mhudumu, na ndugu anayeuguza akitimiza masharti huchangiwa pensheni. Hiyo pensheni naipenda kuliko posho yenyewe, maana dada naye atazeeka. Marekani, mpango wa Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, katika majimbo mengi humruhusu mtoto alipwe kumtunza mzazi, lakini kwa mume au mke masharti huwa magumu zaidi. Kwa hiyo ulizeni kabla mtu hajaacha kazi.

Pasipo na mfuko wa namna hiyo, ndugu wachange. Karatasi iseme saa za kazi, siku ya mapumziko na nani atashika zamu siku hiyo, na malipo yatapanda vipi mgonjwa akizidiwa. Kama fedha zinatoka kwenye akiba ya mzazi, watoto wote wajue tangu mwanzo, la sivyo matanga hayataanuliwa kabla dada hajaitwa mwizi.

Na mzazi mwenyewe aulizwe, maadamu anaweza kujieleza. Kuna baba asiyekubali kuogeshwa na binti yake hata iweje. Huyo mtafutieni msaidizi wa nje aje asubuhi kumwogesha tu, na binti aendelee na mengine kwa malipo yale yale.