Herufi kubwa isimfungie mtu mlango

Juzi shangazi kanipigia simu sauti inatetemeka. Anataka kuingia kwenye mfumo mmoja wa kuombea mkopo wa kikundi, mfumo unamwambia imeili yake haipo. Mwaka jana alijisajili kwa simu, simu ikamwekea herufi kubwa mwanzoni mwa imeili na yeye wala hakuona, safari hii kaandika zote ndogo, basi kawa mtu mwingine. Nikawapigia huduma kwa wateja, kijana akanijibu, "Kaka, ndo sheria ya imeili, kubwa na ndogo ni tofauti." Nilichemka jamani.

Sheria ipo, hilo nakubali. RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti, na RFC 821 ya kupeleka barua pepe, aliyoiandika Jon Postel Agosti 1982, ilitaka jina la kabla ya @ lipelekwe na herufi zake zile zile, na jina la mashine baada ya @ ndo halijali kubwa wala ndogo. Ila nyie mnaotengeneza mifumo, someni na sababu yake! Enzi hizo mtandao umeunganisha mashine ambazo hazifanani hata kidogo. Teletaipu Model 33, mashine ya kuchapa ujumbe unaopita kwenye waya, haikuwa na herufi ndogo kabisa, Unix ya zamani, mfumo wa kuendesha kompyuta, ukiingia na jina la herufi kubwa tupu inadhani terminali yako, yaani kifaa unachoandikia, haina ndogo inaanza kukuandikia kila kitu kwa kubwa, halafu kule BITNET, mtandao wa vyuo vikuu ulioanza 1981, jina la mtumiaji mwisho herufi 8, kwa hiyo mtu anayeitwa Mwanakombo angekuwa MWANAKOM. Sasa mashine ya njiani itajuaje ile ya mwisho inasomaje majina? Ikaambiwa usiguse, peleka kama ulivyopewa, ili barua ifike. Sheria ya kumfikia mtu nyie mmeigeuza ya kumkataa!

Na mwezi ule ule RFC 822 ikasema barua ya Postmaster, yaani msimamizi wa barua pepe wa mashine, ipokelewe kwa herufi zozote, kubwa, ndogo, mchanganyiko, maana huyo ndo anaandikiwa mtu akikwama. Walimfikiria aliyekwama. Mwaka 2008 RFC 5321 ikaandika wazi kwamba kutegemea tofauti ya kubwa na ndogo kunavuruga mawasiliano na haishauriwi.

Haya, kuna seva, yaani kompyuta inayopokea barua, inaweza kutenganisha kubwa na ndogo, kisheria inaruhusiwa. Basi hifadhi alivyoandika mtu, tumia hivyo hivyo kumtumia barua, ila ukimtafuta kwenye orodha yako linganisha bila kujali ukubwa wa herufi, ni mstari mmoja tu wa programu. Na wale mnaokata imeili kwenye herufi 20 wakati tangu 1982 kabla ya @ zinaruhusiwa 64, acheni, majina ya watu ni marefu.

Shangazi nikamwambia ajaribu kuanza na herufi kubwa. Ikafunguka hapo hapo. Maombi yalikuwa yamefungwa jana yake saa sita usiku.