Vumbi la makaa na kilo 15 za mtoto

Malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka, wilayani Mbinga, kusini mwa Tanzania, hupita Songea, Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara. Safari hizo ziliongezeka sana mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipowafanya wanunuzi wa Ulaya watafute makaa kwingine. Pamoja na malori ukaja ubishi: je, vumbi hili linawadhuru watoto?

Wanaotetea mgodi wana hoja nzito. Kuna ajira, kuna ushuru wa halmashauri, kuna mama lishe wanaosomesha watoto kwa sahani za madereva. Viwanda vya saruji navyo vinahitaji makaa. Hata kisayansi wana pa kusimamia. Metali kama risasi (lead), aseniki, kadimi, zebaki na kromiamu zimo katika makaa, lakini zimo pia katika udongo wa kawaida, na kiasi chake hutofautiana kati ya tabaka moja la makaa na jingine. Kuwemo kwenye jiwe si kuwemo kwenye damu.

Nakubali yote hayo. Ila tuangalie anayelila vumbi lenyewe. Mtoto wa miaka miwili amekaa barazani, mama anachambua mboga. Sakafu ina vumbi jeusi, laini kama unga. Anapangusa kwa kiganja, anachorachora, kidole kinarudi mdomoni. Watafiti wanapopima hatari ya namna hii hukadiria mtoto wa kilo 15 anameza miligramu 200 za udongo na vumbi kwa siku, na mtu mzima wa kilo 70 miligramu 100. Gawanya: mtoto anapata miligramu 13 kwa kila kilo ya mwili wake, mkubwa moja na nusu hivi. Ni zaidi ya mara tisa, kwa vumbi lile lile.

Risasi inazidisha uzito wa hesabu hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kimoja. Mtoto aliyepungukiwa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi. Katika nchi ambayo utafiti wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, hesabu hizo zina udhaifu ambao wanaharakati huuruka. Mara nyingi huchukulia kwamba metali yote iliyo kwenye vumbi inaingia mwilini, wakati sehemu yake hupita tumboni na kutoka. Kromiamu ina sura mbili, moja ni sumu kali, nyingine ni hafifu. Ukipima jumla yake tu na kuihesabu yote kama ile kali, umeogofya watu bila ushahidi. Hesabu ya hatari ni king'ora. Cheti cha ugonjwa ni kitu kingine.

Lakini king'ora kikilia hatukai. Mwezi Januari 2012, maji yenye asidi kutoka eneo la migodi ya makaa yaliingia katika bwawa la mji wa Carolina, Mpumalanga, Afrika Kusini. Madini ya salfaidi, yaani yenye salfa, yaliyomo kwenye miamba ya makaa, yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, nayo huyeyusha metali kutoka kwenye miamba. Julai mahakama ilibidi iamuru wakazi wapewe maji safi ndani ya saa 72. Miezi yote hiyo watoto walikuwa wanakunywa nini?

Kwa hiyo sikubali anayesema watoto wa Mbinga wamelishwa sumu, wala anayesema wako salama. Wapimwe. Damu za walio chini ya miaka mitano, vumbi la barazani, maji ya visima masika na kiangazi, kisha vilinganishwe na kijiji kilicho mbali na mgodi na barabara. Mgodi ulipe, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipime, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kwa lugha ambayo yule mama wa barazani anaielewa. Turubai lifungwe juu ya kila lori na barabara za vumbi zinyunyiziwe maji tangu sasa. Kwa hayo hatuhitaji jibu la maabara.