Mwalimu wa zamu akiwa ndiye mwalimu wa unasihi

Kwenye shule moja ya kata niliyowahi kufundisha, ofisi ya unasihi, yaani ya kuwashauri wanafunzi kuhusu shida zao, ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Viti viwili vya plastiki, neti ya mpira wa wavu imeviringishwa pembeni, dirisha linatazama mstarini. Siku moja nilikuwa humo natafuta pampu ya mpira, binti wa kidato cha tatu akaja akasimama mlangoni. Madamu wa unasihi alikuwa anasahihisha madaftari, na fimbo iko mezani, maana wiki ile yeye ndiye alikuwa wa zamu. Binti akaitazama fimbo, kisha akasema, "Samahani madamu, nilikuwa naulizia chaki." Alipewa chaki, akaondoka.

Hoja ya kumwachia mwalimu kazi hii ya unasihi, badala ya kuajiri mnasihi aliyesomea, ina uzito, na wanaoibeza kwa kawaida hawajawahi kukaa shuleni muhula mzima. Mwalimu yupo kila siku. Ndiye anayeona mtoto aliyekuwa mcheshi ameanza kukaa nyuma peke yake, au anayesinzia kila Jumatatu. Tena mshahara wake tayari unalipwa. Tangu elimu bila ada ianze Tanzania mwaka 2016 madarasa yamefurika, na mkuu wa shule akipewa nafasi moja ya ajira ataomba mwalimu wa hisabati kabla ya kufikiria mnasihi. Mimi ningefanya hivyohivyo. Hata SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2020 kwa mkopo wa dola milioni 500, umefuata njia hiyo: chini ya mpango wake wa Shule Salama, walimu waliopo ndio waliopewa mafunzo ya unasihi.

Watetezi wa njia hii hupenda kuongeza kwamba ushauri kwetu haukuwa kazi ya mgeni. Mwari alikuwa na somo wake wa unyagoni, kijana alikuwa na babu, binti alikuwa na shangazi. Ni kweli, ila naona mfano huo unawageuka. Shangazi aliambiwa yale ambayo mama hakuambiwa kwa sababu si yeye aliyeshika fimbo ya nyumbani. Wazee walijua kutenganisha anayeadhibu na anayesikiliza. Ni sisi wa shule tuliowafanya mtu mmoja.

Kisheria viboko bado vipo. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kila aliyesoma hapa anajua kitabu hicho huandikwa mara ngapi. Mtoto aliyechapwa Jumanne kwa kuchelewa hatakwenda Jumatano kumweleza mtu huyohuyo kwamba huchelewa kwa sababu baba wa kambo humzuia mlangoni. Na hapo sijagusa chai ya saa nne, ambapo siri ya mwanafunzi huzunguka meza ya walimu pamoja na maandazi.

Basi tuajiri waliosomea? Huenda, lakini nao wana udhaifu wao. Mnasihi anayezungukia shule kadhaa hufika siku moja, na wanaokwenda kumwona huitwa kwa majina mbele ya darasa. Kufikia mapumziko wameshapachikwa jina la "vichaa". Walimu nao hupata pa kunawia mikono: mtoto akilia, apelekwe kwa mtaalamu. Halafu hata mtaalamu hawezi kuahidi siri kamili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe serikali ya mtaa. Mnasihi mzuri husema hivyo mwanzoni, kabla mtoto hajafungua kinywa.

Kenya wamejaribu njia nyingine. Shirika la Shamiri, jina linalojieleza, huwatumia vijana waliomaliza sekondari juzijuzi kuendesha vikao vinne vya makundi shuleni. Utafiti wao kwa wanafunzi 413 ulichapishwa mwaka 2021, na waliohudhuria vikao hivyo walipungukiwa na sonona na wasiwasi kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kijana wa miaka 20 hana fimbo wala kitabu cha maksi. Lakini nisingemkabidhi mtoto aliyebakwa. Huyo anahitaji daktari na ofisa ustawi wa jamii, na akishindwa kumwambia yeyote uso kwa uso, kuna namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, ikiwa atapata simu ya kuazima.

Kwa sasa mimi ningebaki na mwalimu, kwa masharti: asishike fimbo, asiwe wa zamu wala wa nidhamu, apunguziwe vipindi, na wanafunzi waulizwe wangependa awe nani. Hilo linahitaji ratiba kuliko linavyohitaji fedha, ingawa ratiba nayo ina wenyewe. Madamu yule aliomba kutolewa zamu. Mkuu akamwonyesha orodha ukutani: tuko tisa, wawili wako masomoni, mmoja ana likizo ya uzazi. Jina lake likabaki palepale, wiki ya tatu ya kila mwezi. Alichofanya ni kuanza kuificha fimbo nyuma ya ile neti.