Gari linakula oili, mimi linanila akili

Kuna watu wana raha zao jamani, anaingia kwenye gari anawasha anaondoka. Mimi kabla sijawasha lazima nifungue boneti, nichomoe dipstiki, niifute, niirudishe, niichomoe tena, niitazame, halafu nisonye. Juzi nimejaza mpaka mstari wa juu, leo iko chini, na pale gari lilipolala hakuna hata tone. Sasa oili imeenda wapi? Imechomwa, inatoka kwa nyuma moshi wa bluu, na wenzangu kwenye foleni ndo wanaivuta bure. Mmoja alinipita akashusha kioo akanitazama tu, hakusema neno, na mimi bora angenitukana nikajua yameisha.

Halafu ukiwa na moshi kila mtu anakuwa daktari wa injini. Moshi mweupe mzito usioisha, unaambiwa maji yanaingia kwenye silinda, gasketi ya hedi hiyo, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini. Mweusi, mafuta yanakuja mengi kuliko hewa. Bluu, oili. Hayo ni kweli wala sibishi, lakini mbona wote mkishamaliza kunitajia rangi mnaondoka? Hakuna hata mmoja anayebaki kuniambia nifanyeje.

Mi niliomba sana iwe sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isichuruzike kwenye silinda. Hizo zikichoka moshi unatoka zaidi asubuhi ukiwasha, kwa sababu oili imechuruzika usiku kucha ikajikusanya, ikishaungua unatulia, na injini nyingi sili zinabadilishwa bila kuishusha. Nikawa naamka mapema kuangalia moshi, natamani ukome, haukomi. Asubuhi upo, mchana upo, kwenye mlima ndo usiseme.

Tukapima kompresheni, yaani kila silinda inabana hewa kwa nguvu kiasi gani. Hii unatoa plagi, unafunga geji kwenye tundu la plagi, unapiga stata, unasoma. Silinda tatu zimekaa vizuri zinakaribiana, ya nne hoi. Ikamiminwa oili kidogo mle kwenye tundu, tukapima upya, mshale huo ukapanda. Aliyekuwa anapima akafurahi kabisa, eti "umeona?" Nimeona nini, mi nilidhani mshale kupanda ni habari njema. Kumbe maana yake oili imeziba kwa muda pale ringi, zile pete za pistoni, zilipokuwa zinavujisha, yaani ringi zimekwisha. Ingebaki chini vile vile ndo ungeshuku valvu au gasketi. Kwa hiyo nikapewa hukumu kwa neno moja: ovaholi, yaani injini ifunguliwe yote ifanywe upya.

Sasa ndo kesi ilipoanza, nifanye mwenyewe au nipeleke kwa wenyewe.

Mke wangu yeye msimamo wake mfupi, peleka kwa fundi. Nikamwambia mama watoto, injini ni nati na bolti tu, kilichofungwa na binadamu kinafunguliwa na binadamu. Akanijibu "sawa, na feni je?" Hiyo feni tusiizungumzie hapa, ina historia yake. Jirani naye anasema fanya mwenyewe, usiwape watu hela, na jirani huyu hana gari. Hajawahi kuwa na gari. Ila kwa ushauri wa injini yuko mbele kuliko kiwanda.

Nikaingia kuangalia video. Jamaa kwenye video anashusha injini, anaifungua, anaisafisha, anaifunga, anaiwasha, muziki unapiga, na fulana yake nyeupe bado nyeupe. Bolti zote zinafunguka. Hivi wale watu magari yao hayajawahi kuona kutu? Ile bolti ya manifodi ya ekzosi ambayo imepikwa na moto miaka yote, ukiigusa inakatika kichwa na shina linabaki ndani linakucheka, mbona hawaionyeshi? Pale pana siku nzima ya kudrili na kuapa, wao wamekata wameweka muziki.

Lakini tuseme bolti zote zimekubali. Injini iko chini, imefunguliwa, vyuma vimetandazwa. Hapo ndo utajua kwamba kufungua si kazi, kazi ni vipimo. Nafasi kati ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake kwa injini nyingi za magari madogo inacheza kwenye milimita 0.02 mpaka 0.05 hivi. Unywele wako mmoja tu unaweza kuwa mnene kuliko hiyo nafasi! Mimi hapa nikitaka kuingiza uzi kwenye sindano naita mtoto. Sasa hiyo nafasi ndo oili inapita, ikiwa ndogo beringi inashika, ikiwa kubwa presha ya oili inashuka na injini inaanza kugonga kama mtu anabisha hodi, na akishabisha hodi huyo anaingia tu hangoji karibu.

Ringi nazo, mi nilijua ringi ni ringi, unavalisha. Kumbe kila pistoni kwa kawaida ina tatu, mbili za juu za kuzuia kompresheni na ya chini ya kukwangua oili, na zina upande, alama inatazama juu, ukigeuza ile ya pili badala ya kukwangua oili kwenda chini inaipandisha, yaani umefanya ovaholi ya kuongeza moshi. Na mianya yake haitakiwi ikae mstari mmoja, unaitawanya. Na kabla hujavalisha unaitumbukiza ringi peke yake ndani ya silinda unapima mwanya wake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, maana ukiwa mdogo, injini ikichemka ringi inatanuka ncha zinagongana inakwangua ukuta wa silinda au inakatika. Kifuniko cha konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, nacho usichanganye, cha namba moja ni cha namba moja, na kitazame upande ule ule kilivyokuwa. Mimi kwangu mifuniko ya sufuria tu haijulikani ipi ya ipi.

Tukaja kwenye kukaza. Nilizoea kukaza mpaka mkono useme basi. Wapi! Bolti za hedi zinaanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na injini nyingi za siku hizi baada ya toki unaambiwa ongeza kuizungusha nyuzi 90, halafu ongeza nyuzi 90 nyingine, kwa sababu bolti zenyewe zinavutika, ukishazitumia hizo ni za kutupa. Nyuzi! Mimi nyuzi niliziacha kwenye daftari la hesabu nikadhani tumeachana kwa amani.

Na taimingi, yaani kulinganisha krenki na valvu kwa meno ya mkanda au cheni. Kuna injini ukikosea taimingi haiwaki, unarudia, hakuna aliyeumia. Kuna nyingine valvu na pistoni zinatumia nafasi moja kwa zamu, ukikosea meno ya kutosha wanakutana uso kwa uso na valvu inapinda pale pale. Kwenye mzunguko wa 3000 kwa dakika pistoni inapanda na kushuka mara 50 kila sekunde moja. Sekunde moja! Yaani kabla hujasema "zima" kazi imeshaisha, unaanza ovaholi ya ovaholi.

Haya, na vifaa je? Winchi ya kunyanyulia, stendi ya kuifunga injini, spana ya toki, mikromita, geji ya kupima ndani ya silinda, ile mkanda ya kubana ringi pistoni iingie. Ukijumlisha unakuta umefungua gereji kwa ajili ya mteja mmoja ambaye ni wewe na hulipi. Na ukimaliza jirani atakuja kuazima mikromita apimie sijui nini.

Ila kilichonimaliza nguvu kabisa ni kwamba hata ukifanya mwenyewe hufanyi mwenyewe. Silinda ikiwa imeliwa lazima bloku iende kwa wachongaji, itanuliwe, iwekwe pistoni za saizi ya juu, milimita 0.25 au 0.50, au ipigwe slivu, yaani ukuta mpya wa chuma ndani yake. Krenki ikiwa na mikwaruzo inaenda kuchongwa na kuwekewa beringi za saizi yake. Hedi inapimwa kama imepinda, nyingi zikipinda kuzidi milimita 0.05 hivi ukiweka gasketi mpya unaitesa tu. Hakuna anayechonga krenki uani kwake. Kwa hiyo ule ushujaa wote wa "nilifanya mwenyewe" ni kufungua, kubeba, kusubiri kwenye foleni ya wachongaji na kufunga.

Basi nikasema yaishe, nipeleke kwa wataalamu. Na wataalamu nao hebu tuwaseme kidogo.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Alisikiliza akiwa ameegemea mlango, akasema "hii ringi tu, kesho unaondoka nayo". Nikamuuliza silinda utazipima? Akasema macho yake yanatosha. Hapana bwana. Ringi mpya ukiitia kwenye silinda iliyoliwa umbo la yai, au ukuta wake umeng'aa umekuwa kioo bila kupitishwa honi, sio ya kupiga pipi, ile ya kusugua ukuta, hazikai, unarudi na moshi wako na risiti juu. Nikamshukuru nikaondoka, moshi ukamuaga.

Kuna aina nyingine ya fundi, huyu anajua kazi kweli ila wewe mteja unageuka msaidizi. Shika tochi hapa. Pandisha kidogo. Sio huko, hapa. Nenda duka la spea lete gasketi. Sio hii, lete yenye tundu la pembeni. Unarudi duka limefungwa. Jioni gari haijaisha, mikono yako myeusi kuliko yake, na pesa ya ufundi unalipa wewe! Halafu wakishafunga zinabaki bolti mbili mezani, ukiuliza unaambiwa hizo zilikuwa za ziada. Kiwanda gani hicho kilichotengeneza injini kikasema tuwawekee na za ziada?

Wengine wakanishauri achana na ovaholi, tafuta injini ya mtumba, mnatoa hii mnaweka ile jioni unaendesha. Wazo zuri, ni rahisi na ni haraka, na kwa gari la kawaida lenye injini zilizojaa sokoni watu wengi wanaishia hapo na hawajuti. Ila mi nina roho ya kushuku. Ile injini ilitoka kwenye gari lake kwa sababu gani? Anayeuza anasema gari liligongwa nyuma. Zote ziligongwa nyuma. Hakuna hata moja ilitolewa kwa kula oili, basi mi peke yangu duniani. Ukiamua njia hiyo angalau pima kompresheni kabla hujalipa, fungua kifuniko cha oili uchungulie kama ndani kumeganda tope jeusi, sio unapigapiga bloku kwa kiganja unasema "hii nzima".

Nikalala nikafikiria, nikagundua kinachonisumbua wala si nani anajua kufunga. Ni nani atakayejibu injini ikigonga. Nikifunga mwenyewe wa kujibu ni mimi, na nyumbani kwangu kesi ya feni bado haijafungwa. Nikigawa kazi, bloku kwa huyu, krenki kwa yule, kufunga kwa mwingine, siku ikigonga mfungaji atasema wamechonga vibaya, wachongaji watasema amefunga vibaya, na muuza beringi atasema vyote viwili, mimi nitakuwa nimesimama katikati na spika ya simu iko wazi wanatukanana kupitia sikio langu.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Sehemu ile ya wachongaji, hao hao wachonge na hao hao wafunge injini yenyewe, mkono mmoja. Nimepata mmoja ambaye nilipomuuliza bei alikataa kunitajia, akasema mpaka afungue apime, ndo ataniambia krenki inachongwa au haichongwi. Huyo ndo nimempenda, hata kama ananuna. Vipimo vyote aniandikie kwenye karatasi, vyuma vya zamani anirudishie nivione, na dhamana iwe ya maandishi, sio ya "usijali kaka".

Mimi nabaki na kazi za kiwango changu. Kumwaga oili na maji, kutoa betri, rejeta, oltaneta, stata, mabomba, waya, kila kitu napiga picha kabla sijakigusa, kila bolti kwenye mfuko wake na jina lake limeandikwa nje. Hapo nimeokoa hela ya kazi ya kishamba na wala sijagusa kitu kinachopimwa kwa unywele. Mke wangu amekubali, ingawa alisoma ile orodha yangu akauliza "waya na wewe tena?"

Na hata ikirudi hakuna raha. Ukiwasha mara ya kwanza hutakiwi kuiacha inanguruma silensa, yaani imesimama bila kukanyagwa mafuta, masaa ukiitazama kwa mapenzi, ringi zinahitaji mzigo kiasi ndo zikae, lakini pia usiikamue, badilisha badilisha mwendo, oili ya kwanza mwaga mapema kwa sababu ina unga wa vyuma, na kilomita 1000 za mwanzo uwe mpole. Yaani nimelipa niwe na nguvu barabarani halafu naambiwa niwe mpole. Wale wa kwenye foleni watanishushia vioo tena, safari hii kwa sababu naenda taratibu.

Rejeta naanza kuifungua kesho asubuhi. Jirani keshasema atakuja kunisaidia, nimemwambia aje na mikono yake tu, hiyo nyundo aiache kwao.