Mvua si likizo ya farasi

Januari, nikiwaambia jamaa zangu wa Langata, Nairobi, kwamba ndiyo kwanza tunawarudisha farasi kazini, hudhani nawatania. Hapa Gloucestershire, Uingereza, jua huzama saa kumi na kitu jioni, matope yamefika kwenye vifundo, na mimi niko juu ya mnyama aliyekuwa anakula majani malishoni tangu Oktoba? Naam. Hawa ni farasi wa mashindano ya siku tatu: siku ya ustadi uwanjani, siku ya mbio za nyika, siku ya kuruka vikwazo. Msimu hufunguliwa Machi, na mashindano makubwa ya farasi ya huko Badminton (ni jina la mahali, si ule mchezo) ni Mei. Ukihesabu kurudi nyuma, huna ujanja, lazima uanze wakati hali ya hewa ni mbaya kuliko miezi yote.

Kazi hii niliijulia nyumbani, nikiwa saisi, yaani mtunza farasi, upande wa Langata na Karen, na nasema bila haya kwamba saisi wa Kenya anamjua farasi kuliko wengi niliowakuta huku. Atapapasa mguu kabla ya alfajiri, taa imezimika, na kukuambia kano ipi ina joto. Lakini wenzetu wametushinda jambo moja, wala si pesa tupu. Wana subira ya kutembeza.

Farasi aliyetoka likizo ndefu hutembezwa wiki nne hadi sita kabla ya mchakamchaka wowote wa maana. Kutembea tu, kwenye lami, mvua inanyesha, kiuno chake kimefunikwa blanketi lisilopitisha maji ili misuli isipate baridi. Sababu yake ni hii: moyo na misuli hurudi upesi, kano na mifupa huchukua miezi. Katikati kuna kipindi cha hatari ambapo farasi anajisikia mzima, anacheza, anakuomba umwachie, na miguu yake bado haijawa tayari. Wengi huumia hapo.

Nyumbani mambo huenda vingine. Masika yakianza, ule udongo mweusi unaonata unameza kwato, farasi wanafungiwa bandani wiki mbili, kisha jua likichomoza kila mtu anakimbilia uwanjani kufidia siku zilizopotea. Mwenye farasi naye anakuja Jumamosi, anaangalia, anauliza: "Mbona anatembezwa tu? Mimi nalipia mazoezi au nalipia utalii?" Saisi atajibu nini? Anamtimua shoti ili bosi aridhike. Mguu ukivimba Jumatatu, wa kulaumiwa ni saisi huyo huyo.

Wala kutembeza si kuzurura. Juzi upepo ulikuwa mkali na mfuko wa plastiki ulinaswa kwenye ua wa miiba, unapigapiga. Jike ninayempanda akasimama, masikio mbele, mgongo umekuwa gogo. Hapo ukivuta hatamu umekwisha. Nilimgeuzia bega upande wa pili kidogo, macho yake yakauacha ule mfuko, nikambana na mguu wangu wa upande wa barabara, akapita kiubavu huku anapuliza pua. Hayo ndiyo mafunzo yenyewe: kuusikiliza mguu, kunyooka, kusimama akiambiwa, kurudi nyuma bila kubishana. Hayahitaji uwanja.

Najua mtasema wao wana kumbi za mazoezi zenye paa na mchanga uliochanganywa na nyuzi. Wanazo, na siku ya barafu, ardhi ikiwa ngumu kama saruji, nashukuru. Lakini ukumbini tunaingia muda mfupi tu, maana miduara midogo kila siku inaviumiza viungo. Zamani, kabla ya kumbi hizo, kulipoganda walimwaga nyasi chafu za bandani zikafanya duara uani, farasi akazungushwa juu yake. Samadi ile ile ambayo sisi tunalipa mtu aje kuiondoa.

Kuna mahali nawatetea wa nyumbani kabisa. Huku, mwongozo wa barabarani tangu 2022 unamtaka dereva ampite farasi kwa umbali wa mita 2 au zaidi, na mwendo usiozidi kilomita 16 kwa saa. Bodaboda wa Ngong Road atakupita akigusa kikuku cha tandiko, tena na honi juu. Pia mvua yetu haiji peke yake, inakuja na usubi, na usubi unaleta ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoua kwa siku chache. Kwa sababu usubi huuma tangu jua linapozama hadi alfajiri, farasi sharti awe ndani mapema, na akichanjwa hafanyi kazi nzito kwa muda. Wazungu wakinililia kwamba matope yamewachubua farasi ngozi ya miguu, huwa nacheka kimoyomoyo. Wangeonja Aprili ya kwetu.

Hata hivyo, njia za ndani za Karen asubuhi kukishapambazuka ni tulivu, zina changarawe, na hazinati. Zinatosha kabisa.

Jambo jingine, chakula. Mvua ikizuia kazi, nafaka ipunguzwe jioni hiyo hiyo, abaki na nyasi kavu. Nimeona watu wakimwongezea shayiri "maskini, amekaa ndani." Siku akitolewa, misuli ya nyuma inakakamaa, jasho linamtoka, mkojo unakuwa wa kahawia, na hapo mnaanza kumtafuta daktari wa mifugo kwenye foleni ya magari.

Halafu tuseme na hili ambalo halipendezi. Huku mwajiri alinipa koti la mvua na buti kabla sijaonyeshwa banda. Kule nimeona blanketi la farasi lililoagizwa kutoka nje kwa bei ya mishahara kadhaa ya saisi, na saisi mwenyewe amejifunika nailoni ya kubebea mbolea. Kisha tunashangaa kwa nini kukinyesha hakuna anayetoka. Kwa hiyo wewe mwenye farasi, kabla ya kuagiza tandiko jipya Machi hii, mnunulie saisi wako koti na buti, umwambie wazi kwamba kutembeza tu kunaruhusiwa.