Mwizi wa Jumamosi

Dawa ya moto ni moto. Nilipojua kwamba mvamizi akishapenya kwenye seva ya Linux hupenda kuacha skripti (faili la amri) ndani ya folda ya /etc/profile.d, ili kila mtu akiingia nayo iamke kimyakimya, nikaona na mimi nitege mtego humohumo. Nikaandika zz-salamu.sh: yeyote akiingia, napata meseji. Mwizi asije akashtuka, amri yote, na namba yangu ya simu, nikaifumba kwa base64, ionekane herufi zisizoeleweka tu. Ofisini sikumwambia mtu. Siri ya wawili si siri.

Jumamosi nilikuwa Tanga, kujitambulisha ukweni. Mjomba wa mchumba akaniuliza, "Kijana, kazi yako hasa nini?" Ndiyo kwanza nasema, "Nalinda seva, mzee," simu ikatetemeka: root, akaunti yenye mamlaka yote kwenye seva, ameingia.

Nikaomba kwenda msalani.

Huko nikaingia kwa simu. Meseji: root ameingia. Sawa, huyo ni mimi (ofisini sote tunaingia kwa root, usiniulize). Nikaandika who, nione nani yumo. Tuko wawili: pts/0 na pts/1. Nikamkata wa pts/0. Sijapumua, karudi, akanikata mimi. Nikarudi, nikamkata. Akanikata. Meseji zinamiminika kama salamu za Idi. Mlango ukagongwa.

"Shemeji, tumbo?"

"Tumbo, shemeji."

"Pole. Wazee wanasubiri."

Nikamkata tena mwizi, safari hii kwa hasira. Hapo simu ikaita. Fundi mwenzangu, anahema.

"Kaka, tumevamiwa! Nimekuja ofisini kupekua seva, nikakuta faili la base64 kwenye profile.d. Nimeuliza kwa amri ya dpkg -S ni la kifurushi gani cha programu: halina mwenyewe! Na jamaa yumo ndani sasa hivi, kila nikiingia ananitoa!"

Jasho likaanza kunitiririka mgongoni. "Ngoja kwanza, bwana…"

"Ningoje nini? Kwanza mwenyewe bwege tu! Nimelifumbua lile faili, kaacha na namba yake ya simu humo humo. Shika kalamu uandike, Jumatatu tunakwenda polisi. Sifuri, saba…"

Akaendelea kusoma kwa ushindi. Kwenye tarakimu ya sita sauti ikaanza kushuka. Kwenye ya nane akanyamaza kabisa.

"Shemeji," ikasikika mlangoni, "mjomba anauliza, hiyo seva unailinda na nani?"