Seti Moja au Seti Ishirini? Inategemea Kilichokupeleka Kwenye Vyuma

Mike Mentzer, mtunisha misuli wa Marekani, alifariki Juni 2001 akiwa na miaka 49, na kwa muda mrefu jina lake lilibaki midomoni mwa wazee wa vyuma tu. Leo kijana wa Temeke au Kayole ambaye hakuwa amezaliwa mwaka huo anazijua sharubu zake, maana vipande vya sauti yake vinazunguka kwenye simu vikirudia jambo lilelile: mnafanya mazoezi mengi mno. Piga seti moja, yaani mfululizo mmoja wa marudio bila kupumzika, kwa kila zoezi, ipige mpaka misuli ikatae, kisha nenda nyumbani upumzike siku kadhaa. Upande wa pili wapo wanaoapa kwa Arnold Schwarzenegger wa miaka ya 1970, aliyekuwa akifanya tizi siku sita kwa wiki, mara nyingi asubuhi na jioni, na kukipiga kifua peke yake seti zinazokaribia ishirini.

Ubishi huu una raha yake, na kuna watu wanaushabikia kama wanavyoshabikia Simba na Yanga. Lakini pande zote mbili zinazungumza kana kwamba kila anayeingia jimu amefuata kitu kimoja. Kwa maoni yangu sababu iliyomtoa mtu nyumbani ndiyo ingepaswa kumchagulia mtindo, na mara nyingi tunafanya kinyume: tunachukua mtindo wa bingwa fulani, halafu tunashangaa mbona mwezi wa tatu hamu imekata.

Kwanza tuutazame ushahidi wao. Mawazo ya Mentzer yalitoka kwa Arthur Jones, Mmarekani aliyeanza kuuza mashine za mazoezi za Nautilus mwaka 1970. Mwaka 1973, huko Colorado, Jones alitangaza kwamba mtunisha misuli Casey Viator ameongeza zaidi ya kilo 28 za misuli ndani ya siku 28, kwa vipindi vichache, vifupi na vikali. Namba inashtua mpaka usome kilichotangulia. Viator alikuwa amepungua sana baada ya ajali na maradhi yaliyofuata, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwili ule ulikuwa unarudi mahali pake, na misuli iliyowahi kuwepo hurudi haraka kuliko ile inayojengwa kwa mara ya kwanza. Tena Jones alikuwa mfanyabiashara. Jimu ambayo mteja anamaliza na kuondoka ndani ya nusu saa inahudumia watu wengi zaidi kwa mashine zilezile.

Nao wa upande wa Arnold walikuwa na duka lao. Joe Weider, aliyeanzisha shindano la kutunisha misuli la Mr. Olympia mwaka 1965, aliishi kwa kuuza majarida na virutubisho vya unga, na hakuna mteja mzuri wa unga kama kijana anayejichosha mara mbili kwa siku. Hilo halimfanyi Weider wala Jones kuwa mwongo. Linatukumbusha tu kwamba mitindo hii ilitufikia ikiwa na bei yake, kama inavyotufikia sasa kupitia watu wanaouza programu za wiki kumi na mbili kwenye mitandao.

Mentzer na Arnold walikutana kwenye jukwaa la Mr. Olympia mjini Sydney mwaka 1980. Arnold, aliyekuwa amestaafu miaka mitano, alirudi na kutwaa ubingwa kwa uamuzi unaobishaniwa hadi leo. Mentzer akawa wa tano na hakushindana tena. Ingeishia hapo, mashabiki wa seti nyingi wangefunga mjadala. Kumbe baadaye akatokea Dorian Yates, Mwingereza aliyefanyia mazoezi kwenye jimu ndogo ya chini ya ardhi mjini Birmingham, akitumia seti chache za kufa na kupona kwa kufuata njia ya Jones na Mentzer, na akashinda Mr. Olympia mara sita mfululizo, 1992 hadi 1997. Vikombe, basi, viko pande zote mbili. Na kuna jambo la kuviharibu vyote kama ushahidi: Arnold na Yates wamekiri hadharani kwamba walitumia steroidi. Mwili unaosaidiwa na dawa hizo unastahimili mengi ambayo wako na wangu haitayastahimili, na unakua hata pale ambapo mpango wa mazoezi ni mbovu.

Maabara zimesaidia kuliko majukwaa. Yaliyosimama imara si mengi. Seti zaidi hukuza misuli zaidi mpaka kiwango fulani, ila zile za mwanzo ndizo zenye faida kubwa na kila inayoongezeka inaleta kidogo kuliko iliyotangulia. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walionyesha kwamba mzigo mwepesi wa asilimia 30 ya uwezo wa mtu, ukinyanyuliwa mpaka misuli ishindwe, unakuza misuli ya paja karibu sawa na mzigo wa asilimia 80. Lakini anayetaka kunyanyua uzito mkubwa kabisa hana njia ya mkato. Lazima ajizoeze na uzito mkubwa. Kwa hesabu hiyo Mentzer alikuwa sahihi kwa mtu mwenye kazi, watoto na foleni ya Mbagala: seti chache zenye juhudi ya kweli zitampa sehemu kubwa ya anachokitaka. Alikosea aliposema seti za ziada ni sumu. Mwenye muda na usingizi wa kutosha atapata kidogo zaidi kwa kuzifanya.

Utafiti wa McMaster una maana ya pekee kwa jimu zetu za uani. Vyuma vingi pale vimetengenezwa kwa mikono, bomba lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege kila upande, au vipuri vya gari kuukuu vilivyochomelewa. Ukimaliza kopo la kilo kumi, linalofuata ni la ishirini. Hakuna kipande cha kilo moja na robo cha kukupandisha taratibu wiki hadi wiki, na programu nyingi za Ulaya na Marekani zinadhani kipo. Mwenye makopo ya zege anaweza kuongeza marudio, kushusha chuma polepole, kukaribia kushindwa. Misuli haitajua tofauti. Ndiyo maana utamkuta baunsa wa mtaa ambaye hajawahi kugusa chuma cha dukani, na kifua chake hakina deni kwa mtu.

Ila huyo baunsa anatafuta mwili. Kuna wanaotafuta namba, na hao ni watu wa aina nyingine. Kuna mchezo wa minyanyuo mitatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kukisukuma ukiwa umelala kwenye benchi, na kukiinua kutoka sakafuni mpaka usimame wima. Kuna ule wa Olimpiki, ambao tangu 1972 ulipoondolewa mnyanyuo wa tatu umebaki na miwili, wa kukivuta chuma hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, na wa kukipandisha mabegani kwanza kisha kukirusha juu. Kwenye kutunisha misuli waamuzi wanatazama na kupendelea. Hapa chuma kimepanda au hakijapanda, na waamuzi wanachoangalia ni kama kimepandishwa kwa kufuata kanuni.

Aliyeipeleka hamu ya namba mbali kuliko wote labda ni kocha Ivan Abadjiev wa Bulgaria. Wachezaji wake walinyanyua karibu na mwisho wa uwezo wao kila siku, mara kadhaa kwa siku, kwa mazoezi machache yaleyale. Mfumo ulizaa mabingwa na ukavunja wengi. Kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 wachezaji wawili wa Bulgaria walipokonywa dhahabu kwa kukutwa na dawa zilizokatazwa, na timu nzima ikajiondoa.

Mwanafunzi mashuhuri zaidi wa mfumo huo alikuwepo Seoul akiwa na jezi ya nchi nyingine. Naim Süleymanoğlu alizaliwa Bulgaria katika jamii ya Waturuki. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ililazimisha jamii hiyo kuchukua majina ya Kislavoni, naye akaandikwa Naum Shalamanov. Mwaka 1986 alitoroka mashindanoni Melbourne na kwenda Uturuki, nayo Uturuki ikailipa Bulgaria fedha nyingi ili aruhusiwe kushindana mapema. Seoul, akiwa na urefu wa meta 1.47 na katika uzito wa kilo 60, alirusha kilo 190, zaidi ya mara tatu ya uzito wake, na jumla yake ya kilo 342.5 ingemshinda hata bingwa wa daraja la juu yake. Mbinu ya mazoezi ilikuwa ya Abadjiev. Lakini wapo wengi waliopita kwenye mbinu hiyo na kuzama. Huyu alikuwa na jina la kurudisha, na naamini hilo lilibeba sehemu ya mzigo, ingawa kipaji chake pia kilikuwa cha ajabu.

Wanasaikolojia wana maelezo yao. Mwaka 1971 Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya kuunganisha vipande. Kundi moja lililipwa kwa kila fumbo lililotatuliwa, na malipo yalipokoma hamu ya kuyachezea kwa hiari ikapungua. Pamoja na Richard Ryan alijenga nadharia kwamba mtu hudumu kwenye jambo pale anapojisikia amelichagua mwenyewe, anapojiona analiweza, na anapokuwa na wenzake. Kwa kipimo hicho kioo, yaani kufanya mazoezi kwa ajili ya mwonekano, ni bwana mgumu. Mwili hubadilika polepole, na sifa inatoka kwa watu. Wengine hawashibi kabisa: kuanzia miaka ya 1990 daktari Harrison Pope wa Marekani na wenzake walieleza hali ya wanaume wenye miili mikubwa wanaojiona wembamba na kuficha miili yao. Namba, kinyume chake, inakupa habari karibu kila wiki.

Hata hivyo, siwezi kumbeza anayekuja kwa ajili ya kioo. Wengi wetu tuliingia kwa mlango huo, na kifua kipana ni cheti cha kazi kwa anayesimama kwenye mlango wa klabu usiku. Pia nadharia ya Deci inapata taabu ikikutana na Ronnie Coleman. Alikuwa polisi huko Arlington, Texas, na alikubali kushindana kwa mara ya kwanza kwa sababu mwenye jimu alimwahidi uanachama wa bure. Sababu ya nje kabisa, ya kiuchumi. Akaishia kushinda Mr. Olympia mara nane, 1998 hadi 2005, na kuchuchumaa na kilo zaidi ya 360 mabegani mara mbili. Baada ya upasuaji mwingi wa mgongo na nyonga anatembea kwa magongo, na amesema anachojutia ni kutofanya mara nne badala ya mbili. Mapenzi ya dhati kwa chuma, ambayo vitabu vinayasifu kama hamu bora kuliko zote, ndiyo yaliyomfikisha hapo. Kwa hiyo hamu itokayo ndani nayo inahitaji breki, na mfuata namba ambaye ana breki ni adimu kuliko mfuata kioo.

Kundi ninaloliona limesahauliwa na pande zote za ubishi ni wazee. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston walichapisha matokeo ya watu kumi wa nyumba ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90, waliofanyishwa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Nguvu ya mapaja iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha fimbo zao. Seti tatu, mara tatu kwa wiki. Hao hawakuwa na jukwaa wala kioo. Walitaka kuinuka kwenye kiti. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wote wafanye mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili kwa wiki, wazee wakiwemo. Lakini jimu zetu zimechora Arnold na Coleman ukutani, muziki uko juu, na ngazi ya kuingilia haina pa kushika. Mama wa miaka 70 wa Magomeni anayeegemea meza ili asimame angefaidika na kopo dogo la zege kuliko kijana yeyote mle ndani, na mpaka sasa hakuna mwenye jimu aliyemwambia kwamba mlango ule ni wake pia.